Geji ya Bawa la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika ndani ya ndege ambayo haijawahi kuondoka sakafuni. Ilikuwa Nairobi, katika ukumbi mkubwa usio na madirisha. Injinia Mkuu wetu, mtu mnene wa maneno machache, alinikalisha kwenye kiti cha rubani, akaipeleka mashine katikati ya wingu la mvua. Miguu yake ya chuma ilituinua, ikatuinamisha, ikatutikisa kama ungo. Nilipotoka nimeshika tumbo, alinipa ndoo, kisha akawageukia wenzake. "Kijana amekaa chini kabisa na bado ametapika," akasema. "Andikeni kwamba mashine ni nzima."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa simuleta ni nini. Vijana wengi mnadhani ni mchezo wa kompyuta uliokuzwa. La. Ni chumba kamili cha rubani, kila swichi mahali pake, kila taa na rangi yake, kimekalishwa juu ya miguu inayosogea. Nyuma ya kiti cha rubani kuna kiti cha mkufunzi, na mbele ya mkufunzi kuna skrini yake mwenyewe. Kwenye skrini hiyo anaweza kuzima injini, kuleta radi, kupasua tairi. Hakuna mabawa ya kweli wala tone la mafuta, lakini rubani anayetoka humo jasho linamtiririka. Injinia Mkuu alikuwa na msemo wake: "Ndege ikidanganya, inaua waliomo leo. Simuleta ikidanganya, inaua wa mwaka kesho."

Nilianza kwa kuitunza ile miguu, nikanuka grisi mpaka nguo za Jumapili. Kisha nikahamishiwa kwa Mkuu wa Picha, mama mkali aliyeweza kuona kwamba jua la kwenye skrini linazama upande usio wake. Baadaye nilipelekwa ng'ambo kusomea kompyuta za mashine hizi. Niliporudi, kampuni moja ilikuwa inafungua chuo cha marubani huku nyumbani Kisumu, karibu na ziwa, ikatafuta mtu wa kuongoza mafundi. Wenzangu wa Nairobi walinicheka, wakasema nakwenda kuwafundisha samaki wa ngege kuruka. Nikafunga mizigo, nikapanga nyumba Migosi, na sikujuta hata asubuhi moja.

Sasa niwaeleze habari ya mafuta, maana ndiyo iliyonifunza kazi kuliko ng'ambo yote.

Ndege hubeba mafuta ndani ya mabawa, tangi huku na tangi huku. Upande mmoja ukipungua kuliko mwingine, ndege inalemea kama punda aliyefungwa gunia upande mmoja. Rubani hufungua vali ya katikati, akawasha pampu, mafuta yakahama kutoka upande mzito kwenda upande mwepesi. Ni jambo rahisi, ila lina mtego. Kama upande ule umepungua kwa sababu unavuja, ukifungua vali unayamwaga mafuta mazuri ndani ya tundu. Kwa hiyo rubani hufanya hesabu kwanza. Mafuta yaliyobaki, ukijumlisha na yale yaliyochomwa na injini, lazima yawe sawa na yale mliyoondoka nayo. Yakipungua, kuna tundu, na vali haiguswi.

Atieno alikuwa katika mtihani wake wa mwisho wa kuwa rubani msaidizi. Alikuwa ameshaanguka mara moja katika zoezi lingine, na sheria ya kampuni iliyomwajiri ilijulikana na wote: ukianguka mara ya pili, unarudisha sare. Mchana huo Mkufunzi Mkuu, ambaye sote tulimwita Kapteni, alimpa zoezi la mafuta yasiyolingana. Bawa la kushoto lilikuwa jepesi kidogo, basi. Alitegemea binti afungue vali. Binti akapiga hesabu, akakataa, akasema mafuta yanavuja. Kapteni akaangalia skrini yake, hakuona uvujaji wowote. Aliacha zoezi liendelee mpaka ndege ikalemea kupita kiasi, akamwangusha.

Binti alikuja ofisini kwangu akiwa bado na mikunjo ya mkanda begani. Hakulia.

"Mzee, sikuja kuomba," akasema. "Nimekuja kuuliza. Yale mafuta yalienda wapi?"

Nilimjibu kama ambavyo fundi yeyote angejibu, kwamba tunaikagua mashine kila alfajiri kabla ya darasa la kwanza, na alfajiri hiyo ilikuwa nzima.

"Alfajiri sikuwa ndani," akasema.

 Kesho yake nilipitia zoezi lile lile alfajiri, na geji za mafuta zikasimama sawasawa kama askari. Nikamwendea Kapteni. Alikuwa mtu wa haki, msiwaze vinginevyo, ila alikuwa na imani kubwa na namba. Aliniambia kwamba kwenye skrini yake hesabu ilitimia kila mara, na aliyeshindwa kujumlisha ni msichana. "Huo si ugonjwa wa mashine, Injinia. Huo dawa yake ni kalamu."

Nikamwomba kitu kimoja tu: turudie zoezi mchana, saa ile ile ya mtihani, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kiti cha Atieno. Alikubali, nadhani ili niache kumsumbua.

Mchana huo vijidudu vya ziwa vilipanda. Mnavijua, vile vinavyosimama juu ya maji kama moshi wa kijiji kizima, kisha upepo ukivisukuma mjini vinafunika kuta na taa. Sisi ndani hatukuviona. Tulikuwa angani, juu ya mawingu ya kutengenezwa. Nikawa nasoma geji ya kushoto kwa sauti, na Kapteni akawa anasoma skrini yake. Mwanzoni tulisema namba moja kama watu wanaosali pamoja. Halafu tukaanza kuachana. Namba yangu ikashuka, yake ikabaki. Nikasoma tena, ikashuka tena.  Nikasikia mkanda unafunguliwa nyuma yangu, Kapteni akaja akainama juu ya bega langu, akaitazama ile geji kwa muda mrefu. Kutoka kitini pake ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati.

"Kumbe tulikuwa katika ndege mbili," akasema.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgumu kuupata baada ya hapo. Kompyuta huhesabu mafuta na kuyapeleka sehemu mbili: kwenye skrini ya mkufunzi moja kwa moja, na kwenye geji za rubani kupitia kadi ya umeme iliyo ndani ya kabati. Kabati hilo hupozwa na hewa inayopita kwenye chujio. Kitabu cha mashine kiliandikwa na watu ambao ziwa lao halina vijidudu, nacho kilisema chujio libadilishwe mara chache kwa mwaka. Letu lilikuwa limezibwa kama blanketi. Kila mchana wa msimu wa vijidudu kadi hiyo ilipata joto, ikaanza kuishusha geji ya kushoto. Usiku ilipoa. Alfajiri tuliikuta imepona.

Meneja wetu, bwana mpole wa Milimani, alifurahi kusikia ni kadi tu. Alitaka tuibadilishe, tusafishe chujio, binti arudie mtihani, yaishe. Nilimwambia lazima niandikie mamlaka ya usafiri wa anga kwamba geji ilidanganya, na kwamba hatujui ilidanganya michana mingapi. Akafunga mlango.

"Injinia, ukiandika hivyo watatufungia. Humu ndani kuna watu wenye watoto."

"Na Atieno atabeba watoto wa watu," nikasema.

Niliandika. Kapteni akaichukua kalamu mkononi mwangu, akatia sahihi chini ya yangu bila kuombwa. Mashine ikafungwa. Kwa majuma kadhaa watu walinipita kwenye korido kama napita na jeneza. Kisha wakaguzi walikuja, nikawaomba wajaribu mchana, wakajaribu, wakaturudishia kibali. Atieno akarudia. Safari hii Kapteni alimwekea tundu la kweli kwenye bawa la kushoto. Binti akapiga hesabu, akaiacha vali imefungwa, na injini ya kushoto ilipokosa mafuta akaileta ndege chini kwa injini moja. Leo anaruka.

Tulipopekua mitihani ya michana ya nyuma tulimpata mwingine mmoja, Ouma, aliyeanguka msimu uliotangulia kwa kosa lile lile: alikataa kufungua vali. Alikuwa amesharudisha sare. Barua ya chuo haikujibiwa, simu yake ilikuwa imezimwa.

Mimi nikastaafu. Walinikatia keki, wakanisifu mbele ya mke wangu. Vijana waliniuliza nimejifunza nini, nikawaambia wakae kwenye kiti cha anayelalamika, saa ile aliyolalamika. Walipiga makofi. Lakini mtu hawezi kukaa Migosi akinywa chai huku deni la namna hiyo liko Mamboleo. Atieno ndiye aliyeniambia Ouma anauza vipuri vya pikipiki huko, karibu na njia panda.

Nilimkuta ameshika mnyororo, mikono myeusi kwa grisi. Alinitambua mara moja.

"Injinia," akasema. "Ile ndege yenu bado inaruka, ama mmeigeuza banda la kuku?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti. Nilipofika kwenye kadi aliuweka mnyororo chini. Nilipomaliza, alikuwa ananitazama mdomoni.

"Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa. Na nafasi ya kurudia ipo, nimeuliza."

Hilo la nafasi hakulijibu. Aliniambia kwamba tangu arudishe sare, mtoto wake akileta hesabu za shule, humwambia azipeleke kwa mama yake. Kisha akanivutia kiti, akapangusa mikono, akaita nyuma ya duka.

"Mama Junior, acha hiyo kazi kidogo. Njoo hapa." Mke wake akatoka, akanisalimu. Ouma akasimama kando yake. "Mzee, rudia," akasema. "Pole pole, kutoka mwanzo."

Nikakaa, nikaanza upya.