Asubuhi Ambazo Mbweha Hakuja

Kabla vita havijafika kwetu Gurei, pembezoni mwa mji, adui wa mama alikuwa mbweha. Walikuja wawili, dume na jike, alfajiri mbingu zinapoanza kupauka, wakifuata njia ileile kila mara: korongo kavu, nyuma ya choo, hadi kwenye banda la kuku. Mmoja alisimama kando akitega masikio, mwingine akaingia. Mama, aliyekulia kijijini kabla ya kukimbilia Uganda, aliwajua vizuri kama mtu anavyomjua jirani mbaya. Mimi nilikulia Kampala. Mbweha nilikuwa nimemwona kwenye vitabu vya shule tu.

Baba alikuwa amekwenda shambani kwetu, magharibi ya mji, kuvuna karanga. Alisema siku tatu. Siku ya pili tulisikia mizinga upande huohuo, siku ya tatu barabara ikafungwa. Tukabaki wawili, mimi na mama, tukingoja.

Watu walipita mbele ya nyumba yetu na magodoro kichwani, na mama alimuuliza kila mmoja kama amemwona baba. Baada ya wiki mbili jirani yetu, muuza chai aliyerudi kutoka Uganda kama sisi, alikuja kuchota maji. Aliwatazama kuku wakichakura.

"Kuku yako iko salama," alisema. "Mbweha haikuji siku hizi?"

"Haikuji," mama akajibu.

"Imeshiba huko. Watu wamelala kwa majani, nani atawazika?"

Hakusema kwa ubaya. Alijitwika ndoo yake akaenda. Kufa kufaana, husemwa, na nilikuwa nikidhani ni maneno ya warithi tu. Mama aliketi chini palepale, na nilijua anachowaza kwa sababu nami nilikiwaza: kama mbweha wameshiba, wamemla nani?

Kesho yake mama alianza kuliacha banda wazi. Kila alfajiri aliketi mlangoni, shuka mabegani, akiomba mbweha waje kuiba. Mbweha mwenye njaa ilikuwa habari njema, maana yake huko porini hakuna maiti. Hawakuja. Mama akaacha kula, na mimi nilipomwona hivyo nikauacha uji wangu.

Nina hasira za karibu, na vita vilizizidisha. Nilimwambia kwamba kuku hao ndio chakula chetu cha mwisho, naye anawatoa sadaka kwa wanyama. Alininyooshea ukosi wa blauzi tu, nikaona aibu.

Asubuhi moja usingizi ulimshinda pale mlangoni. Nilimkamata tetea mweusi, nikampeleka kwa muuza chai, akamchinja. Nilirudi na manyoya na damu kidogo ndani ya kikombe, nikavitawanya mbele ya banda. Kisha nikamwamsha mama.

Aliyatazama manyoya. Alitembea polepole hadi nyuma ya choo, akashuka korongoni, akarudi.

"Khalas, imekwisha," alisema. "Imekuja."

Akaomba uji. Alimaliza bakuli zima, nami nikamaliza langu, na siku ile yote nilijivunia akili yangu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mama aliirefusha kwa makusudi. Mwezi mmoja baadaye tulikuwa tukifunga mizigo kukimbilia Uganda mara ya pili. Habari ya baba hatukuwa nayo, na hadi leo sinayo. Nilikuwa nikiwafunga miguu kuku waliobaki, nikasema tuharakishe kabla yule mbweha hajarudi. Mama hakuacha kukunja mashati ya baba.

"Mbweha haikuli kwa mlango ya mtu," alisema. "Inakamata shingo, inakimbia. Manyoya inaanguka njiani mpaka kwa korongo. Ile siku niliangalia njia yote. Hapana hata moja."

Niliiacha kamba. Nilimuuliza, kama alijua, kwa nini alikula.

"Wewe pia ulikuwa hukuli," mama alisema. "Na mimi nimebaki na nani mwingine?"