Uso wa Shanga na Uzi Namba Sifuri

Jina alilopewa na wazazi wake halina kazi ofisini. Pale wanamwita Gololi, kwa sababu mifuko yake yote miwili ya suruali hujaa shanga za mbao zenye ukubwa huohuo, na akiinama kuokota kalamu zinamwagika, kikao kizima kinaanza kutambaa chini ya meza. Bosi peke yake hatambai. Bosi hutazama saa.

Gololi anaandika programu za kompyuta, na anatengeneza mapambo ya nyumba kwa mikono yake: vivuli vya taa, fremu za vioo, picha za shanga za kutundika ukutani. Sebuleni kwake kochi la watu watatu linakaliwa na mtu mmoja na mabunda mawili ya kamba. Mgeni akija, mwenyeji ndiye anayekaa chini. Ofisini nako, kila anapoiamuru kompyuta iunganishe programu yake, inamchukua dakika nne, na dakika hizo wenzake huenda kupiga soga. Yeye hutunga shanga. Dakika nne ni shanga ishirini na mbili. Amepima.

Tatizo ni kwamba dakika nne nne haziwezi kujenga pazia la shanga. Akajikaza, akaenda kwa bosi, yule anayeitwa Kalenda kwa sababu aliwahi kuitisha kikao cha kupanga vikao.

"Bosi, naomba Ijumaa ziwe zangu."

"Upumzike?"

"Nifanye kazi."

"Kazi gani?"

"Ya mikono."

"Kwani hapa unatumia miguu?"

Wakavutana mpaka bosi akachoka. Akaweka masharti. Alhamisi saa nane mchana, mfumo wa foleni wa zahanati moja ulitakiwa kukabidhiwa: mgonjwa anabonyeza mashine, anapata karatasi yenye namba, anakaa, kioo cha kompyuta kinamwita. Siku hiyohiyo, ukuta wa mapokezi uwe umepata nembo ya kampuni, uso wa mviringo unaotabasamu, kwa shanga.

"Vyote viwili vikae sawa, Ijumaa chukua. Kimoja kikienda upogo, shanga zako ziache nyumbani, na hiyo mifuko nitaishona mwenyewe."

Gololi alihesabu siku, akaona mikono miwili haitoshi. Akamkimbilia shangazi yake, jirani wa nyumba ya pili, mama aliyeshona mapazia ya watu kwa miaka arobaini na ambaye ndiye aliyemfundisha kufunga fundo kabla hajajua kufunga viatu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ukija na shikamoo tamu hivyo unataka nini?"

Alitaka nusu ya uso. Nyuzi ishirini za kushoto angetunga yeye, ishirini za kulia shangazi. Akamwachia shanga kwenye beseni na karatasi ya maelekezo iliyochapwa vizuri: *Uzi 0: shanga 0 hadi 11 nyeupe, 12 hadi 14 nyeusi*, na kuendelea, mpaka uzi wa 19.

Sasa, watu wa kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Usiwaulize kwa nini. Watakuambia, na chai itapoa mkononi.

Shangazi alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akampigia simu mara tatu. Gololi hakupokea, alikuwa kwenye kikao cha Kalenda cha kujadili namna ya kupunguza vikao. Shangazi akaamua kama anavyoamua mtu mwenye akili timamu: akaanza na moja.

Alhamisi saa sita Gololi alifika mapokezi na nusu mbili, kila moja imefungwa kwenye shuka lake, mafundo yote yameshatiwa gundi. Akapanda ngazi, akatundika ya kushoto, akatundika ya kulia, akashuka, akarudi nyuma hatua tatu.

Uso ulikuwa unamcheka.

Jicho la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto. Nusu ya pua haikuwepo kabisa. Mdomo, badala ya kutabasamu, ulikuwa umepanda upande mmoja kama wa mtu anayesikiliza uongo na ameamua kuuacha uishe wenyewe.

"Nimemwona wapi huyu?" dada wa mapokezi aliuliza. Mlango ukafunguka, bosi akaingia. "Ahaa," dada akasema, kisha akakumbuka kuwa ana kazi nyingi sana.

Bosi alisimama. Aliutazama uso, uso ukamtazama.

"Gololi. Hiki nini?"

Kabla Gololi hajapata uongo wa kutosha, shangazi naye akaingia, kavaa vizuri, amekuja kuona kazi yake ikining'inia. Aliinua macho akakunja uso.

"Shangazi, uzi namba sifuri uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Wapi?"

"Umeandika uzi sifuri, nikatunga uzi sifuri. Sifuri ni hakuna. Kama huuoni, basi nimeutunga vizuri."

"Na shanga namba sifuri, kwenye kila uzi?"

"Hizo nazo zimo, hesabu mwenyewe."

Gololi alikaa kwenye ngazi akiziona Ijumaa zake zikiondoka moja moja. Bosi aliangalia saa: nane kasoro dakika arobaini. "Uso umeharibika," akasema. "Tulikubaliana vyote viwili."

Shangazi, ambaye magoti yake hayapendi mabishano ya kusimama, alitafuta kiti. Njiani akaiona ile mashine ya foleni, imewekwa tayari kwa maonyesho. Akaibonyeza, kama ambavyo wewe na mimi tungeibonyeza. Ikatema karatasi. Akakaa nayo. Dada wa mapokezi, kwa kutaka kuonekana anafanya kazi, naye akabonyeza akapata yake.

Kioo kikalia: "Namba moja, dirisha la kwanza."

Dada akainuka.

"We binti, unaniruka mimi, na magoti haya?"

"Mimi ndiyo namba moja, mama."

"Nimekutangulia, umeniona! Yangu inasema..." Akavaa miwani. Akamgeukia Gololi taratibu. "Wee baba. Na hapa pia?"

Kwenye karatasi palikuwa na sifuri, nene na nyeusi. Mashine ilianza kuhesabu na sifuri, kioo kikaanza kuita na moja. Katika wiki tatu za majaribio hakuna aliyeliona kosa hilo, maana kila asubuhi Gololi alitoa karatasi ya kwanza kuangalia kama wino upo, akaitupa bila kuisoma; leo uso ulikuwa umemsahaulisha.

"Kwa hiyo huko zahanati," shangazi akasema, "aliyedamka kuliko wote, mgonjwa kuliko wote, angekaa hapo mpaka mfunge milango."

Gololi alikuwa ameshaifikia kompyuta. Alirekebisha mstari mmoja. Mashine ikatema moja, kioo kikaita moja. Watu wa zahanati walipofika saa nane kamili walibonyeza, wakaitwa, wakasaini. Waliutazama uso ukutani, wakamtazama bosi, wakaagana kwa haraka wakiwa wameziba midomo.

"Mfumo umepona," bosi akasema baadaye. "Lakini uso bado upogo."

"Ungenyooka," shangazi akajibu, "ingekuwa na mimi nahesabu kama nyie. Nani angeliona hilo la wagonjwa?"

Bosi aliutazama uso, kisha akatazama saa.

"Haya. Ijumaa ni zako."

Gololi aliruka, shanga zikamwagika. "Naanza kesho, bosi?"

"Kesho ni Ijumaa namba sifuri." Bosi alishaufikia mlango. "Na sifuri, tumeambiwa, ni hakuna. Saa mbili kamili uwe hapa."

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu bosi wako anafundishika," akasema. "Okota shanga zako twende."