Mlango Mmoja Unaomshinda Mama Hodi

Saa moja asubuhi, Mama Hodi amekwisha kubisha hodi nyumba nne. Akikaribishwa kiti, hukalia ukingo tu, mguu mmoja uko nje tayari. Anauliza nani ana homa, nani anaharisha, kisha huyoo. Majirani humtania kwamba hata usingizini anabisha hodi.

Ni mhudumu wa afya wa kujitolea, mwenye posho ambayo, kwa maneno yake, "huja ikipenda." Wiki hii hatulii kabisa. Redio imetangaza kuwa serikali imejiunga na ushirikiano wa kimataifa wa kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, na kituo cha afya kimemteua awe wa kwanza kutoa taarifa ugonjwa ukizuka mtaani.

Mwingine angevimba kichwa. Yeye usingizi umempaa.

Nyumba ya tano ni ya wifi yake, na pale hupita akitazama chini. Mlipuko uliopita, kaka yake aliugua humo, na Mama Hodi ndiye aliyepiga simu gari la wagonjwa lije. Kaka akachukuliwa, akatengwa, akafa bila kuonwa na watu wake.

"Walimzika wao, sisi tukapewa habari tu," anasema, akizungusha kipimajoto kiganjani. "Nilifanya lililonipasa, mtaa ukapona. Lakini linaniuma mpaka leo, sikufichi."

Tangu siku hiyo wifi hakumpa hata salamu. Mpaka juzi. Mama Hodi akipita mbiombio, mlango ukafunguliwa. Wifi naye alikuwa amesikia redio. Hakumkaribisha ndani; alisimama kizingitini, akauliza.

"Wifi, ukiita gari safari hii, nitamwona mgonjwa wangu?"

Mama Hodi, ambaye hata walevi hawamwezi kwa maneno, aliaga tu. Akaenda kumalizia nyumba zilizobaki.

Jumatatu wageni wa ushirikiano huo watatembelea kituo, na wahudumu wameelekezwa wakae mbele na kupiga makofi. Mganga mkuu amemwonya mapema asije akaharibu shughuli. Lakini maji yamekwisha kumwagika: Mama Hodi ameshaamua atasimama, aombe chumba cha kuwatenga wagonjwa kiwekwe dirisha la kioo, ili ndugu asimame nje amwone mtu wake.

Na wakikataa?

"Basi kazi ya kupiga simu wampe mwingine," anasema, tayari yuko njiani. "Mimi kwa wifi yangu sirudi na gari kama sina jibu."