Mama Mwalimu Aliyetufundisha Kuogopa

Jumapili simu ilitoka Kamina, mji wa reli nilikofundisha zamani, tulipokuwa tukitoka kanisani: Mama Mwalimu amefariki. Moyo ulimsumbua kwa majuma machache, akafia nyumbani kwake, nyuma ya stesheni. Wasomaji wangu wengi hawamjui. Mimi nilifundisha Kifaransa katika chumba kilichopakana na chake miaka ile ya vita, naye alifundisha biolojia. Alikuwa amefanya kazi Ulaya, katika maabara ya panya, akarudi kumzika baba yake, mzee wa reli. Vita vikafunga njia nyuma yake, akabaki.

Miaka ile tuliishi tumekaza mabega. Ndege za kijeshi zilipita chini hadi mabati yakatetemeka, na kila treni iliyoingia ilileta askari ambao hatukujua wametoka upande gani. Redioni tuliambiwa tusiogope. Prefe, mkuu wetu wa shule, mtu mwema na mwimbaji hodari wa kwaya, alirudia maneno hayo kila asubuhi mbele ya bendera. Mama Mwalimu peke yake alisema wazi kwamba anaogopa. Mara nyingi, mlio wa ndege ukizidi, aliwatoa wanafunzi akawalaza katika shamba la mihogo. Hakukutokea kitu. Watu wakacheka, wakamwita Mama Panya.

Jina hilo lilitokana na somo moja nililolisikia kupitia ukuta. Alieleza kwamba panya wana jeni inayouagiza mwili kutengeneza kipokezi, pahali pa kunasia homoni ya mshtuko, ili ubongo ujue hatari imekuja. Yeye na wenzake waliwachunguza panya waliozaliwa bila jeni hiyo. Waliwaweka juu ya ubao ulioinuliwa, nusu una kuta, nusu uko wazi. Panya wa kawaida walijibana penye kuta. Wale wengine walitembea hadi ukingoni, kwenye mwanga, kana kwamba hakuna paka duniani. Msichana mmoja akapaza sauti, kwa Kiswahili cha kwetu, kwamba hao ndio wenye nguvu: “Basi bale njo banguvu, Mama!”

“Banguvu?” akajibu. “Batoto babo balikufa. Balizaliwa, bakapumua kidogo tu, bakakufa.” Akaeleza kwamba kipokezi kilekile humsaidia panya mwenye mimba kutoa homoni nyingine, ambayo bila hiyo mapafu ya watoto hayakomai tumboni. Nami upande wa pili niliacha kuandika ubaoni.

Kisha ikaja asubuhi ya moshi. Behewa la silaha lililoegeshwa karibu na stesheni lilishika moto, hatukujua kwa nini. Watu walitoka sokoni kwenda kutazama. Wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kusimama waende nao, Mama Mwalimu alipofungua mlango wa chumba changu, akawaingiza na wanafunzi wake, akauziba mlango kwa mwili wake. Prefe akaja barazani.

“Ni moshi tu, Mama. Naenda kuangalia, batoto baone hatuna woga.”

Mama Mwalimu alimshika mkono wa koti. “Bwana Prefe, usiende. Angalia mikono yangu, iko natetemeka.”

“Batoto bakiona weye unatetemeka, nabo bataogopa.”

“Njo ile nataka!”

Prefe akatabasamu, akaondoa vidole vyake polepole kama mtu anayemtuliza mtoto, akashuka ngazi. Mama Mwalimu akageuka kwetu. “Mulale chini, bote! Chini ya meza!” Nililala mimi pia, shavu sakafuni. Mlipuko wa kwanza ulivunja vioo, wa pili ukabeba kipande cha paa. Nilisikia watoto wakilia na sauti yake ikihesabu majina yao, mmoja baada ya mwingine, hadi wote wakaitika.

Prefe tulimkuta karibu na reli. Kwenye maziko watu walimzunguka Mama Mwalimu kumshukuru, baadhi yao wazazi waliokuwa wakimcheka. Hakuwasikiliza. Aliniambia mimi tu: “Nilimuachilia mukono. Ningemushika zaidi.” Tangu hapo hofu haikumwacha. Sahani ikianguka, alijikunyata. Njia zilipofunguka hakurudi Ulaya. Alisema shule haiwezi kubaki na watu wasioogopa peke yao.

Nimemfikiria juma zima. Sisi huwasifu mashujaa, tukawafundisha watoto kwamba woga ni aibu, na viongozi wetu hupenda sana raia wasioogopa, kwa kuwa hao hupelekwa popote. Prefe alikuwa jasiri, na sitamvunjia heshima kaburini. Lakini wanafunzi wa madarasa mawili walikua, wakaoa, wakaolewa, wakazaa, kwa sababu mwanamke mmoja hakuona haya kutetemeka mbele ya watu. Mtu akikuambia anaogopa, usimcheke. Muulize ameona nini.