Biskuti Nilizompa Afande

Mwaka ambao afande alitujia Igamba, mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Tulikuwa sita, tukioka biskuti ngumu za mahindi na maharage na kuziuza mnadani. Afande alikuwa mtafiti wa jeshi, mtu mpole, aliyevua viatu mlangoni hata alipoambiwa aingie navyo.

Alitueleza kwamba bajeti ya ulinzi iliyopitishwa na Bunge ilikuwa na fungu dogo la kutafiti chakula ambacho askari anaweza kubeba mgongoni. Walitaka kujaribu cha wakulima wetu badala ya kuagiza nje. Biskuti zetu zikikaa miezi mitatu bila kuharibika, jeshi lingefikiria kuzinunua.

"Fungu hili ni la mwaka mmoja," alisema. "Mwakani wizara inaomba upya bungeni. Nisipokuwa na ripoti ya maana, halitaombwa."

Tulioka, tukafunga, tukaweka stoo kwangu. Mvua ilinyesha mfululizo. Zilipoingia mwezi wa tatu stoo, nilifungua mfuko mmoja nikakuta ukungu wa kijani. Wa pili vilevile. Shangazi wa mume wangu, mkubwa kuliko sote kikundini, alinusa, akaufunga tena.

"Mpe hivyo hivyo zilivyo," aliniambia. "Amekuja kujaribu."

"Sawa, shangazi."

Kesho yake nilikwenda Tunduma, nikavuka mpaka hadi Nakonde, nikanunua katoni mbili za biskuti za dukani. Muuzaji Mzambia aliniita mama kwa Kibemba, akauliza, "Bamayo, unafungua duka?" Nikacheka naye. Nyumbani nilijifungia jikoni, nikazihamishia kwenye mifuko ya kikundi. Nilijiambia nawaokoa wenzangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshatangaza kanisani kuwa biskuti zangu zitaliwa na jeshi. Zangu, nilisema, si zetu.

Afande alizipokea kwa mikono miwili. Wiki kadhaa baadaye alirudi, akakataa kukaa.

"Mama, maabara imekuta ngano. Maharage hamna hata chembe."

Nikamwambia kwamba zetu ziliota ukungu.

"Ungenipa zilizooza, ningeandika kwa nini zimeoza, nikaomba mwaka mwingine turekebishe mfuko au ukaushaji. Kazi yangu ndiyo hiyo. Sasa mwaka wa fedha unaisha na sina cha kuandika."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Waziri aliposoma bajeti mpya, wenzangu walikusanyika kwangu kusikiliza redio, maana sikuwa nimewaambia lolote. Yalitajwa magari, mitambo, nyumba za askari. Chakula cha wakulima hakikutajwa. Mmoja akasema labda bado kidogo, tusubiri. Tukasubiri mpaka hotuba ikaisha. Hapo ndipo niliposema yote.

Shangazi aliniuliza jambo moja tu. "Uliponijibu sawa, ulikuwa unajua utakwenda Nakonde?"

"Nilijua."

Akachukua kanga yake, akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Walichagua mwenyekiti mwingine. Hawakunifukuza, siku za kuoka mimi huchochea moto. Sijaweza kumwomba shangazi msamaha mpaka leo. Kila nikianza, ananiuliza habari za watoto, nami namjibu kwamba hawajambo.