Taya la Nyani wa Evarista

Liberatus, mdogo wa marehemu mume wangu, aliiba fuvu la nyani wa binti yangu, akawaambia watafiti kwamba ameliokota msituni. Nasimulia maisha yake ili mumjue.

Alizaliwa hapa Igowole. Mahindi yalipokomaa sisi tulishinda shambani kufukuza nyani, yeye alilala. Watafiti walipokuja kutafuta mifupa ya nyani, ndipo akageuka mtu wa msitu. Akanunua buti. Baadaye akahamia Mbeya, akafungua duka Mwanjelwa, na ukutani akatundika picha yake kubwa akiwa ameshika fuvu.

Nyani mwenye fuvu lile nilimlea mwenyewe. Mama yake aliuawa shambani, na binti yangu Evarista akamchukua akiwa bado ananyonya. Tulimlisha uji wa mahindi na ugali, miaka minne. Jino lake moja la mbele lilivunjika akitafuna mnyororo. Evarista alipofariki, nyani naye hakumaliza mwezi. Fuvu lake nililiweka kwenye kichanja cha jikoni. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta limebaki taya la chini tu. Mwizi alikuwa na haraka.

Nilipoiona ile picha dukani kwake nikalitambua jino lililovunjika, lakini sikumwambia mtu. Nilitaka adanganye mbele za watu.

Mwaka huu mtafiti Joyness alikuja kutusomea majibu kwenye mkutano wa kijiji, na Liberatus akaja kutoka Mbeya kusikiliza. Alieleza kwamba mahindi huacha kwenye meno na mifupa alama ya kaboni isiyofanana na ya matunda ya msituni. Wanaiita isotopu. Jino hujengeka tabaka kwa tabaka utotoni, kwa hiyo huonyesha mnyama alikula nini na lini aliacha kunyonya.

"Huyu mmoja ananishangaza," alisema. "Mwanzo ni maziwa ya mama wa msituni. Kisha ghafla ni mahindi, masika na kiangazi. Nyani mwizi hula mahindi msimu wake tu. Ndugu Liberatus, una hakika ulimtoa msitu wa ndani?"

"Nilimfuatilia tangu mdogo. Hajawahi kuona shamba."

"Kumbe huko ndani kuna mashine ya kusaga," alisema mzee Jailos, "na wewe umetuficha."

Watu wakacheka. Nikafungua kitenge, nikaweka taya mezani. Joyness akalishika chini ya fuvu alilokuja nalo. Likakaa sawasawa, meno kwa meno.

"Shemeji," Liberatus akaninong'oneza, "haya tungeyamaliza nyumbani."

"Nyumbani ulikuja kuiba. Kujisifu umejisifia hapa."

Aliondoka kabla mkutano haujafungwa. Joyness akaniomba taya likapimwe. Nikalifunga tena kwenye kitenge.

Jina la Liberatus limefutwa kwenye karatasi zao, lakini hilo ni lao na yeye. Mimi bado ninamdai. Aishushe ile picha kwa mkono wake. Arudi Igowole, asimame mbele ya watu walewale, amtaje Evarista kwa jina, kisha alichukue fuvu kwa watafiti na kulirudisha kwenye kichanja alipolitoa. Asimtume mtu. Mpaka siku hiyo taya hili halitoki kwangu, na kila anayetoka Mbeya ninamuuliza kama ile picha bado ipo.