Barua Pepe Iliyomkalisha Bi Zuwena Eda

Jumatano, 14 Aprili 2004. Asubuhi mvua ya masika, upepo hakuna, maji yameingia jikoni tangu alfajiri.

Hivyo ndivyo ninavyoanza kila siku katika daftari langu, na leo naanza hivyo hivyo kwenu, kwa kuwa ukurasa wenu wa ushauri gazetini unaficha majina. Nina miaka arubaini na moja. Nimesoma hadi kidato cha nne, ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, nimeachwa, sina mtoto. Naishi Mji Mkongwe na mke wa ami yangu. Nitamwita Bi Zuwena.

Ami Salum aliondoka mwaka 1985 kwenda kutafuta kazi Arabuni. Barua zake zilikuja miaka miwili, zikakatika. Bi Zuwena hakuolewa tena, maana hakuachwa wala hakufiwa. Akiulizwa mumewe yuko wapi hujibu, "Yuko safarini," na mazungumzo huishia hapo.

Mwezi wa pili nilikwenda duka la intaneti, nikakuta barua pepe ya Kiingereza kutoka kwa mtu anayejiita wakili. Mteja wake, mwenye jina la ukoo kama letu, amekufa wiki iliyopita kwa ajali ya gari. Ameacha fedha nyingi benki na mrithi hajulikani. Nikamjibu palepale: je, ndiye Salum wa Unguja, aliyemwacha mke aitwaye Zuwena? Siku ya pili akajibu kuwa ndiye huyo huyo, na pole zimfikie Bi Zuwena.

Nilimsomea Bi Zuwena barua ile kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, kaka yangu Nassor amekaa pembeni. Mimi ndiye niliyetamka "amekufa". Bi Zuwena akavua bangili zake. Msikitini Ami Salum akasaliwa sala ya ghaibu, hitima ikasomwa nyumbani, na Bi Zuwena akaanza eda ya miezi minne na siku kumi: hatoki, hatii wanja, hafukizi udi. Majirani ambao kwa miaka hawakujua wamwambie nini walikuja kukaa naye.

Kisha wakili akataka ada kabla ya kufungua mirathi. Nassor akampata mtu wa kununua kiwanja cha Bi Zuwena kilichopo Mpendae. Ijumaa hii Bi Zuwena alikuwa atie saini.

Juzi nilikuwa kazini napanga majalada. Masjalani barua haisomwi peke yake. Huwekwa pamoja na ile inayoijibu, zikasomwa zote mbili. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa kwa barua za watu, na zangu na za wakili, nilizochapisha duka la intaneti, nilikuwa nimezikunja ovyo ndani ya mkoba. Nikazitoa, nikazipanga kwa tarehe. Barua ya kwanza ya wakili haina Salum, haina Unguja, haina Zuwena. Majina yote yamo katika barua yangu mimi. Kila alichokijua mtu yule, nilimfundisha mwenyewe.

Nikamtega. Nikamwandikia: vipi kuhusu Rukia, bintiye Salum aliyeko Mangapwani? Leo mchana jibu likaja. Rukia ameshapigiwa simu, amelia sana, amekubali ada ilipwe haraka. Rukia huyo nilimtunga nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha duka la intaneti.

Nilimwonyesha Nassor. Akasema, "Wanaume wana siri zao. Huenda kazaa."

"Nassor, jina nimelitunga mimi."

"Basi wakili kachanganya. Wewe una wivu. Mume kakuacha, hutaki mwenzio afaidi kwa wake. Lete hilo neno la siri la barua pepe yako, nitatafuta mwengine amjibu."

"Silitoi."

"Mji mzima umekuja kutupa pole. Nikawaambie nini, maiti karudi?"

"Waambie dadako alisoma vibaya. Au nitawaambia mwenyewe."

Bi Zuwena alikuwa nyuma ya pazia. "Njooni hapa nyote wawili," alisema. Akanitazama mimi. "Kwa hiyo Salum yu hai?"

"Sijui, Bi."

"Kafa?"

"Sijui."

"Jana nilikuwa najua," akasema. Kisha akamgeukia Nassor. "Huyo mnunuzi wako mwambie kiwanja hakiuzwi."

Nassor ameondoka kwa hasira. Ametuma habari kwamba Ijumaa baada ya sala wazee wa ukoo watakutana. Anataka niombe radhi kwa kuuvuruga msiba, na Bi Zuwena amalize eda yake kimya kimya ili tusichekwe. Mimi nimeomba radhi kwa mtu mmoja tu, Bi Zuwena, na nilipiga magoti. Hao wengine sina la kuwaomba. Wakili nimemwandikia mstari mmoja: Rukia anakusalimu, hayupo. Sitamwandikia tena, na neno la siri nimelibadilisha.

Kadhi ana utaratibu wake kwa mwanamke aliyepotelewa na mume, na huko ndiko tulikopaswa kwenda miaka yote. Lakini Bi Zuwena akitoka mlangoni, mtaa utasema mjane kavunja eda. Akibaki ndani, amekubali kufiwa kwa neno la mwizi. Nishaurini, enyi mnaosoma: nimshike mkono tupite barazani mchana kweupe, watu wote wakituona, au nisubiri wazee wamwamulie yeye ni nani? Msiniambie nitoe neno la siri. Hilo sikuuliza.

Nilikuwa nimefika hapa Bi Zuwena aliponiita. Nilimkuta amefungua kasha, buibui lake la kutokea liko mapajani.

"Hili limekunjika," alisema. "Lipige pasi. Nnakwenda kwa kadhi kesho."

Nimelipiga pasi, nimelitundika mlangoni. Mvua imekatika. Nalala saa nne na dakika ishirini.